Ukanda wa Kijani Hupimwa Mlangoni

Anayetaka kujua kama njia za ukanda wa kijani wa jiji lolote zinawafaa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli asianzie katikati yake. Katikati ni pazuri siku zote, na ndiko picha za vipeperushi hupigwa: miti imeinamiana juu ya njia, miale ya jua imepenya kwenye majani, baiskeli mbili zinapita bila haraka. Aende pale njia inapoanzia, au pale inapokatwa na barabara kuu, asimame dakika kumi na kutazama nani anafika, amefika kwa chombo gani, na nani anaitazama ile barabara kisha anageuza. Nimefanya hivyo mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba karibu kila lawama inayotolewa juu ya njia hizi, ukiwemo ugomvi usiokwisha wa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, mzizi wake uko mlangoni. Milango ni michache, iko mbali na nyumba za watu, na aliyeipanga alikuwa akimfikiria mgeni aliyekuja kwa gari.

Kasoro hii ni ya kurithi. Ukanda wa kijani ulipobuniwa haukukusudiwa kuwa mahali pa kutembea. Ulikusudiwa kuwa ukuta. Mwingereza Ebenezer Howard, alipoeleza mpango wake wa miji mwaka 1898, aliuzungushia mji wa watu 32,000 ardhi ya kilimo yenye ukubwa mara tano ya mji wenyewe: ekari 1,000 za majengo na ekari 5,000 za mashamba, malisho na misitu. Uingereza ilipotoa waraka wa mwaka 1955 wa kuzihimiza halmashauri kutenga kanda za namna hii, sababu zilizotajwa zilikuwa kuzuia mji usitambae, kuzuia miji jirani isiungane, na kulinda sura ya miji yenye historia. Matembezi hayakuwamo. Leo kanda hizo zimechukua takribani sehemu moja ya nane ya ardhi yote ya England, lakini shamba kuwamo ndani ya ukanda hakumpi mpita njia haki ya kulikanyaga. Anayetembea huko hutegemea vijia vya zamani vilivyolindwa na sheria nyingine kabisa, na mwenye baiskeli hutegemea vichache zaidi, kwa kuwa vingi kati ya vijia hivyo ni vya miguu peke yake.

Ottawa ni mfano mwingine, na kwangu ni mfano unaosikitisha kidogo kwa sababu nia ilikuwa njema na fedha ilitolewa. Mpango wa Mfaransa Jacques Gréber wa mwaka 1950 uliuchorea mji mkuu wa Kanada ukanda mpana, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya shirikisho ilinunua na kutwaa ardhi hadi kufikia takribani hekta 20,000, misitu, mashamba na kinamasi kikubwa cha Mer Bleue vikiwamo. Mji ulifika kwenye ukuta huo, ukauruka. Vitongoji vya Kanata, Orléans na Barrhaven vilikua upande wa pili, na ukanda uliokusudiwa kuwa mwisho wa jiji ukajikuta katikati yake, umekatwakatwa na barabara zinazowapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Njia za kutembea zipo, tena ndefu na zinatunzwa vizuri, na wakati wa theluji watu huteleza juu yake kwa mbao za miguuni. Lakini ukitaka kuelekezwa inakoanzia mojawapo utapewa namba ya maegesho ya magari. Hiyo ndiyo anwani yake. Mtu anaendesha gari ili akatembee, na sioni kama kuna anayekiona kioja hicho tena.

Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, ulipata pete yake kwa njia ambayo hakuna mpangaji angeithubutu. Mwezi Februari mwaka 1942 jeshi la Italia lililokuwa limeuteka mji huo liliuzungushia seng'enge, vituo vya ukaguzi na vijumba vya zege vya askari, ili kuwatenga wakazi na wapiganaji waliokuwa nje. Seng'enge ile ilidumu hadi Mei 1945. Baada ya vita, msitari wake uligeuzwa kuwa njia ya kumbukumbu ya karibu kilomita 34, yenye upana wa mita 4, imeshindiliwa changarawe na kupandwa maelfu ya miti, na ilikamilika mwaka 1985. Mawe yenye pembe nane yanaonyesha palipokuwa na vijumba vya askari. Jambo linalonihusu hapa ni umbo lake. Aliyeweka seng'enge hakuwa na haja ya mashamba wala ya mandhari. Alitaka kuwabana watu, kwa hiyo aliipitisha karibu kabisa na nyumba. Matokeo yake, miongo kadhaa baadaye, ni kwamba njia ile inapita nyuma ya vitongoji, kando ya shule na karibu na vituo vya basi, na mtu huingia humo kwa kuvuka mtaa wake tu. Ukatili wa umbo lile ndio ulioifanya iwe njia ya kila siku. Sidhani kama kuna ukanda uliopangwa kwa hisani ulio karibu hivyo na watu wake.

Nimeuita ukanda pete, na pete ina tatizo lake lenyewe. Safari za lazima haziendi kwa duara. Mtu hutoka anakolala kwenda anakofanya kazi, anakosoma au anakonunua mahitaji, na safari hizo kwa sehemu kubwa hukata kutoka pembezoni kwenda ndani, kama njiti za gurudumu la baiskeli. Njia inayozunguka jiji kwa kilomita 60 inamfaa anayetaka kuizunguka siku ya mapumziko, na ni wachache. Frankfurt ilipopitisha mwaka 1991 uamuzi wa kuulinda ukanda wake wa takribani hekta 8,000, karibu theluthi moja ya eneo lote la jiji, ilichora pia mzunguko wa baiskeli unaozidi kilomita 60, na mzunguko huo ni mzuri. Hata hivyo mzunguko bila njiti haubebi uzito, kama anavyojua kila aliyewahi kutengeneza gurudumu. Kipande cha mita mia tano kinachotoka kituo cha treni hadi kwenye pete kinaweza kuwa na manufaa kuliko kilomita tano nyingine za pete yenyewe, ingawa hakipigwi picha wala hakizinduliwi kwa kukata utepe.

Sasa nirudi kwenye ule ugomvi. Kwa kawaida huelezwa kama suala la adabu: waendesha baiskeli hawana staha, waenda kwa miguu hawasikii, mbwa hawafungwi. Tazama tukio lenyewe kwa karibu. Watu wawili wazima wanatembea bega kwa bega wakizungumza. Nyuma yao inakuja baiskeli, inapiga kengele. Mmoja anaruka kushoto, mwingine kulia, na katikati panabaki wazi kwa nusu sekunde. Halafu yule wa kulia anamkumbuka mwenzake, anaona ametengana naye, anarudi upande wa kushoto, na hapo hapo gurudumu la mbele linafika. Breki zinalia, mguu mmoja unashuka chini, maneno mawili matatu yanatupwa. Wote watatu wataondoka wakiamini wamekosewa, na wote watatu wametenda jambo la kawaida kabisa.

Hesabu yake ni fupi. Anayetembea huenda kama kilomita 5 kwa saa, na baiskeli ya mtu asiye na haraka hufika 15 au 20. Kwa kasi ya 20, aliye nyuma anamkaribia aliye mbele kwa mita 4 na kidogo kila sekunde, kwa hiyo kengele iliyopigwa mita 10 nyuma inamwachia mtu sekunde mbili na nusu hivi za kusikia, kuelewa, kuchagua upande na kusogea. Baiskeli za umeme, ambazo barani Ulaya mota yake huruhusiwa kusaidia hadi kilomita 25 kwa saa, zinamwondolea hata hizo. Na nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kila kilo inayokwenda kwa 20 ina nishati mara 16 ya kilo inayokwenda kwa 5. Singapore, yenye mtandao wa zaidi ya kilomita 300 wa njia zinazounganisha bustani zake, imeweka kikomo cha 25 kwenye njia za baiskeli na za pamoja na 10 kwenye njia za waenda kwa miguu. Naelewa nia yake, lakini baiskeli nyingi hazina kipimo cha kasi, na kikomo kwa chombo kisichojua kasi yake ni dua zaidi kuliko sheria.

Njia nayo ni finyu. Wawili wanaotembea sambamba huchukua karibu mita moja na nusu. Baiskeli moja, pamoja na usukani wake na kule kuyumba kidogo kusikoepukika, inahitaji kama mita moja, na inayotoka upande wa pili inahitaji yake. Ukijumlisha, mita 3, ambazo ndizo miongozo mingi ya uhandisi huzitaja kuwa upana wa chini wa njia ya pamoja, zimeshajaa kabla hajatokea mtoto mwenye skuta au mbwa ambaye kamba yake imetandwa kuvuka njia. Njia ya mita 2 yenye ubao unaosema “tupishane kwa upendo” imeshapanga ugomvi wake. Upande wa sheria, England iliwahi kulimaliza hili kwa sentensi moja: sheria ya mwaka 1968 iliyowaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia za wapanda farasi iliwataka wawapishe wapanda farasi na waenda kwa miguu. Mwenye kasi ndiye anayepisha. Ni kanuni safi, na kama nilivyoeleza, haiwezi kufanya kazi peke yake mahali ambapo hakuna pa kupishia.

Lakini msongamano wenyewe unatoka wapi, na ukanda una maelfu ya hekta? Unatoka mlangoni. Watu wengi huenda na kurudi kwa njia ile ile, na wenye watoto wadogo, wazee na wenye mbwa hawafiki mbali. Kwa hiyo kilomita ya kwanza kutoka kila mlango hubeba karibu kila mtu, na kilomita ya nne ni tupu. Mwendesha baiskeli anayetaka ile ya nne hana budi kupita kwanza kwenye umati wa ile ya kwanza, akiwa na hamu ya kufika na miguu ambayo haijachoka. Chukua pete ya kilomita 30. Ikiwa na milango 6, kila mlango unabeba watu wa kilomita 5 za makazi. Ikiwa na milango 30, watu wale wale wanagawanyika, na hakuna mahali panapojaa kiasi cha kugombanisha. Hakuna aliyefundishwa adabu hapo.

Uchache wa milango una madhara mengine ambayo hayatajwi sana na wanaume wanaoandika makala kama hii. Njia iliyofungwa pande zote mbili kwa kilomita tatu ni njia isiyo na pa kutokea. Mwanamke anayehisi kwamba mtu aliye nyuma yake amepunguza mwendo kila alipopunguza yeye haulizi kama miti ni mizuri. Anauliza mlango unaofuata uko umbali gani. Taa hujibu sehemu ya swali hilo, na zina gharama yake kwa popo na wadudu wa usiku. Mlango wa pembeni unaotokea kwenye mtaa wenye watu hujibu zaidi, tena bila kumsumbua mnyama yeyote.

Na mlango ukishapatikana, mara nyingi umezibwa. Ili kuzuia pikipiki, wasimamizi huweka vyuma vilivyopishana, nguzo tatu zilizokaribiana, au kigeti cha kujipinda ambacho mtu hukipita ubavu. Kijana mwenye pikipiki huinua gurudumu la mbele na kupita, au hutafuta upenyo kwenye ua. Anayebaki nje ni mtu wa kiti cha magurudumu, mama mwenye kigari cha mapacha, mzee wa baiskeli ya magurudumu matatu. Niliwahi kumsaidia mtu mmoja kuivusha baiskeli yake ya mizigo juu ya kizuizi cha aina hiyo, mtoto wake akiwa amesimama pembeni kashika kofia ya baba. Tulipomaliza aliniambia kwa utulivu kwamba angefanya hivyo mara nne kabla ya kufika nyumbani.

Kuhusu ujenzi wa njia yenyewe sina mengi, isipokuwa sakafu yake. Wapo wanaotaka lami kila mahali, na wapo wanaoiona lami kama najisi msituni. Mawe yaliyosagwa na kushindiliwa vizuri yana fadhila moja ambayo wahandisi huisahau: yanalia. Tairi likipita juu yake husikika kutoka nyuma kabla ya kengele, na yenyewe humpunguza mwendo mwenye baiskeli bila kumwandikia ubao. Ubaya wake ni kwamba mvua huyachimba mifereji kwenye miteremko, na magurudumu ya kiti cha mlemavu huzama palipolegea. Lami nayo hufumuliwa na mizizi, na mwendesha baiskeli anayekwepa kigongo huingia upande wa anayetembea. Mimi ningeweka lami karibu na milango na kwenye miteremko, na mawe kwenye sehemu tambarare za mbali. Pale karibu na mlango, ambapo umati uko, ningetenganisha kabisa njia mbili kwa ukanda wa majani au tofauti ya kimo, halafu ningeziunganisha tena mbele, watu wanapopungua. Kutenganisha kwa kilomita moja ni gharama inayobebeka. Kutenganisha kwa kilomita thelathini ni ahadi ya kampeni.

Hakuna jipya hapo. Mwaka 1858 wabunifu wa bustani Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, katika mpango wao wa Central Park jijini New York, walizitenga njia za magari ya farasi, za wapanda farasi na za waenda kwa miguu, zikipishana kwa madaraja. Barabara nne zilizolazimika kuikatiza bustani walizizamisha chini ya usawa wa ardhi, ili msafara wa jiji upite bila kuonekana na anayetembea asisimame. Hiyo ilikuwa enzi ya farasi. Leo ukanda wa kijani unapokutana na barabara ya njia nne, anayetembea hupewa kitufe cha kubonyeza, husubiri, huvuka nusu, hukwama kwenye kisiwa cha katikati kisicho na urefu wa kutosha baiskeli moja, na husubiri tena huku malori yakimpulizia vumbi. Mwenye mtoto haji mara ya pili.

Ipo hoja nzito dhidi yangu, na haitoki kwa wenye magari. Inatoka kwa watetezi wa ndege wa porini. Wanasema kila mlango ni mbwa zaidi, takataka zaidi, na ndege wanaotaga chini wakifurushwa kwenye viota. Wana haki. Vitoria-Gasteiz, mji wa watu wapatao 250,000 kaskazini mwa Hispania, ulikabiliana na swali hilo hilo ulipoanza mwaka 1993 kuigeuza ardhi yake ya pembezoni iliyochakaa kuwa ukanda wa kijani wenye mzunguko wa kilomita 30 hivi. Vinamasi vya Salburua, vilivyokaushwa katika karne ya 19 ili vilimwe, vilirudishiwa maji, na mwaka 2002 viliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Watu wanafika huko kwa miguu kutoka vitongojini. Lakini njia huzunguka kingo za maji, na wanaotazama ndege hukaa ndani ya vibanda vyenye madirisha membamba. Milango mingi kwenye ukingo haikuhitaji vijia vingi kwenye moyo wa kinamasi. Ninakubali kwamba si kila ukanda una upana wa kuruhusu hivyo, na penye wembamba ningewaachia ndege.

Kinachonitia shaka zaidi ni namna kazi hii inavyohesabiwa. Kilomita za njia ni rahisi kuhesabika, na katikati ya msitu ni rahisi kujengeka, kwa sababu hakuna wa kufidiwa wala wa kulalamika. Kivuko cha chini ya barabara kuu hugharimu fedha ambayo ingejenga kilomita nyingi, na katika taarifa ya mwaka kitaandikwa kama mita thelathini. Ningependa kuona taarifa inayoanza na namba nyingine: ni kaya ngapi zinazoweza kufika mlangoni kwa dakika kumi za miguu bila kuvuka barabara ambayo mtoto wa miaka tisa hawezi kuivuka peke yake. Namba hiyo inapatikana kwa ramani na wiki moja ya kazi. Sina budi kudhani kwamba haichapishwi kwa sababu ni ndogo.

Wakazi wenyewe wameshaianza hesabu hiyo bila ramani. Nenda nyuma ya mtaa wowote unaopakana na ukanda na utaukuta ua wa waya, na mahali fulani kwenye ua huo tundu la kumtosha mtu aliyeinama, pamoja na baiskeli iliyolazwa ubavu. Udongo chini yake umekuwa mgumu na unang'aa kwa nyayo. Waya mpya umefungwa juu yake, unaonekana kwa kuwa haujashika kutu, na hatua sita pembeni kuna tundu jingine.